Vijiti Kumi na Kimoja

Tangu nirudi Tukuyu mmenikamata sokoni, mmenikamata mlangoni mwa kanisa, na mama Eliza alinifuata mpaka shambani na jembe lake begani: "Mwalimu, ulimpata chura wako?" Nami nimekuwa nikijibu "nilimpata" halafu naulizia habari za watoto. Mtu akiniona nakwepa hivyo anadhani nina maringo ya safari. Sina maringo yoyote, nina aibu. Basi nitasimulia mara moja, tangu mwanzo, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii asome.

Tukuyu hadi Tunduma

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu Ambakisye, dereva wa malori, aliyewahi kupeleka bendi ya shule yetu Kyela na kuisahau huko. Mwaka juzi alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kolwezi, kule Kongo, wenye dakika nne za kulalamikia tairi. Sikusikiliza habari ya tairi hata kidogo. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na chura analia: ti-ti, piuuu. Ti-ti, piuuu. Kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko mara mbili kisha anapiga mluzi mwembamba.

Mnanijua. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, na wengine wakistaafu hufuga kuku, mimi hufuatilia vyura. Sauti za vyura wa milima yetu nazijua kama ninavyojua vikohozi vya majirani. Huyu sikumjua. Nikapekua vitabu vyangu, na katika kimoja kilichochakaa nikakuta mchoro wa chura mdogo wa mabondeni kule kwenye vyanzo vya Lualaba, tumbo la rangi ya chungwa, na maelezo mistari miwili: anaishi penye chemchemi zenye kivuli, sauti yake haijulikani. Rafiki yangu mmoja wa chuo kikuu alisikiliza ule ujumbe, akanionya kwamba sauti nyuma ya tairi si ushahidi. Alitaka picha, na alitaka hesabu: wako wangapi, kila mmoja analia wapi. Vikipatikana hivyo, alisema, inawezekana kuomba chemchemi ile ilindwe kabla haijachimbwa.

Kwa hiyo mvua za mwaka jana zilipokaribia nikamwambia Ambakisye anipakie. Alicheka hadi akakaa chini. "Dada, wenzako wanapanda lori kufuata shaba." Lakini alinipakia. Tulitoka alfajiri, tukafika Tunduma mchana, tukala wali na maharage kwa mama mmoja aliyeniuliza kama ninakwenda kumwoza kijana wangu. Huyo kijana ndiye Ambakisye, ana miaka arobaini na tisa na ni mdogo wangu tumbo moja. Alifurahi kutwa nzima.

Zambia, kwa mwendo wa salfa

Lori lilikuwa limebeba salfa, ile ya njano wanayoitumia migodini, na harufu yake haibaki kwenye mzigo. Inaingia kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye ndoto. Siku ya pili niliacha kuisikia, nikajua kwamba sasa nanuka mimi.

Njia ya Zambia ni ndefu na imenyooka, na miti yake haina haraka. Tulipita Mpika, tukapita Serenje, tukapika wenyewe kando ya barabara. Lori lina sanduku ubavuni lenye jiko, sufuria na unga, na Ambakisye ni mpishi mzuri kuliko wake wa watu wengi. Karibu na Kapiri Mposhi mkanda wa feni ulikatika, tukangoja siku moja na nusu. Mvua ndogo ikanyesha, nikashuka mtaroni na kinasa sauti changu nikawarekodi vyura wa kawaida kabisa, ili mkono uzoee. Wazambia wawili wenye baiskeli walisimama kunitazama. Mmoja aliuliza kwa heshima kama kuna jamaa yangu amefia pale.

Kasumbalesa

Mpakani mwa Zambia na Kongo tulikaa siku nne. Foleni ya malori ilikuwa mji wenye vinyozi, wachungaji, wauza mayai na magomvi yake ya ndoa. Sitaeleza karatasi, maana hata wenye karatasi hawawezi kuzieleza. Nitaeleza munkoyo. Ni kinywaji cha mahindi kilichotiwa mizizi, kizito, kitamu kwa uchachu. Mama aliyekuwa akikiuza alinimiminia kikombe kilichojaa pomoni. Nilipomwambia "imetosha, mama", aliniangalia, akacheka, akaongeza kwenye kikombe cha Ambakisye. Kiswahili chao ni chetu, lakini kimeoa kwingine. Nilikuwa nikimsahihisha kimoyomoyo, kazi mbaya ya ualimu, mpaka nilipogundua kwamba wateja wote wanamwelewa yeye na anayeombwa arudie ni mimi.

Lubumbashi, Likasi, Fungurume

Baada ya Lubumbashi vumbi ni jekundu, na magari yanayopishana nanyi yote yamebeba ardhi: ya kwenda kusafishwa, au iliyokwisha safishwa. Tuliposimama kabla ya Fungurume, Ambakisye alikuwa anakagua matairi, na mimi nikaona chura mnene wa kawaida amekaa kwenye dimbwi. Nikachuchumaa kumtazama. Sikumaliza dakika mbili. Wanaume wanne walikuwa wamesimama nyuma yangu, mmoja ana sululu.

"Mama, unaona nini? Eko malachite?"

"Si jiwe la shaba, ni chura tu," nikasema.

Walimtazama chura, wakanitazama mimi, na ilionekana wazi kwamba hakuna aliyeamini. Yule mwenye sululu aligongagonga ukingo wa dimbwi kwa uhakika, mara tatu, halafu wakaondoka polepole huku wakigeuka.

Ambakisye alikuwa anacheka lakini si sana. "Dada, huku usiinameiname. Mtu akiinama, wenzake wanakuja na koleo. Kolwezi kuna watu wanachimba sebuleni kwao, chini ya kitanda, wanatafuta kobalti. Ardhi ikitazamwa tu, wanaona ina kitu." Nikamjibu kwamba mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye daftari, nani atanifikiria? Nilijibu kwa kujiamini sana. Nakumbuka hata nilivyotikisa mkono.

Kapata

Kapata ni mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi, nje kidogo ya Kolwezi: safu za nyumba zinazofanana, zilizojengwa na kampuni, kila moja sasa na rangi yake na nyongeza yake ya mabati. Ukitokea huku unaona kwa mbali upande wa Kingamyambo, ambako mabaki ya zamani ya mgodi yanasafishwa upya kutafuta shaba iliyosahaulika. Hapo Kapata ndipo Ambakisye alipokuwa akinunua mboga siku ile ya ujumbe wa tairi. Muuzaji wa mboga aliitwa Mama Ngalula.

Alikuwa mjane wa umri wangu, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Alitupokea kwenye kibaraza.

"Njo ule dada yako mwenye kupenda bachula?"

"Njo yeye," Ambakisye akasema. Keshajifunza: "njo" yao ni "ndiye" yetu.

"Karibu mama mwalimu. Ingia, ikala. Hii nyumba balipatiaka tata-mukwe wangu, wakati ya kampuni. Bakasai bote balikuyaka na train, banafanya kazi mu mugodi. Sasa mugodi ilimuacha, nyumba ikabakia." Ndivyo nilivyojua kwamba baba mkwe wake alikuja na watu wa Kasai, na kampuni ikampa nyumba.

Ambakisye aliniacha, akaenda kushusha salfa yake. Mimi nikalala kwa Mama Ngalula siku sita kwa jumla. Chakula: bukari, ambayo ni ugali wao, mweupe na mgumu wa kutosha kusimamisha kijiko, pamoja na lengalenga, yaani mchicha, na samaki wanayemwita Tomson. Kila mlo aliuombea kirefu kwa Kiluba, na jina langu nililisikia mle ndani mara mbilimbili. Nilimpenda upesi, ingawa mnajua nisivyopenda watu upesi.

Nilipompigia ule mlio wa chura kwenye simu, alishika mdomo.

"Kale! Kanaliaka mu bustani yangu, kule ku mushitu. Mvula inakaribia, kanaita. Kakilia, mi napanda. Kakinyamaza, mi naangalia mayi, najua mayi iko mubaya. Mama-mukwe njo alinifundishaka." Kwa hiyo ukimya wa chura ulimwambia maji yameharibika.

Mushitu

Mushitu ni msitu wa bondeni unaokaa na miguu yake majini. Zamani ulizunguka bonde zima, alisema. Wauza makaa wameukata kutoka juu, na kutoka chini maji yaligeuka rangi, bustani za wenzake zikafa, na vyura wa upande ule wakanyamaza. Kilichobaki kilikuwa kipande ambacho ungekizunguka kwa miguu ukiwa bado unatafuna muwa uleule. Katikati kulikuwa na jicho la chemchemi, maji safi yanayobubujika mchangani polepole, na pembeni bustani ya Mama Ngalula. Kapata nzima walikuwa wakijua kwamba pale kuna nyoka mkubwa. Nyoka huyo alimtunga yeye mwenyewe, baada ya mume wake kufa, ili watu wasipende kushuka.

Nilitazama bustani yake kwa jicho la mwalimu. Kila kitu safi, ila nyanya zilikuwa zimelala chini kwenye matope, upande mmoja zimeoza. Maharage yalipanda kwenye mabua ya mahindi. Hakukuwa na kijiti kimoja kilichosimama.

"Mama Ngalula, nyanya zinataka vijiti! Ukiziinua hivi, hazitaoza." Nikamwonyesha kwa mikono, kama darasani.

Alitabasamu. "Huku hatuwekaka bijiti mu bulongo, mama."

Nikadhani kutochomeka vijiti udongoni ni desturi tu, au uvivu kidogo. Mungu anisamehe, nilifikiri neno uvivu.

Siku ya tatu mawingu yalishuka mchana. Tulikuwa tunapalilia. Kwanza kimya, halafu chini ya jani la gugu karibu na goti langu: ti-ti, piuuu. Akajibu wa pili ng'ambo ya maji. Akaja wa tatu. Mama Ngalula alisimamisha jembe lake akanitazama, kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake. Nilimpata yule wa kwanza baada ya nusu saa ya kutambaa. Mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mgongo wa kijani kilichochakaa, na alipopanda kwenye ubua nikaona tumbo: rangi ya chungwa, kama kwenye mchoro. Nililia, ndiyo. Nimesubiri vitu vingi maishani na vichache vimekuja.

Picha nikapiga. Ikabaki hesabu. Mnajua kuhesabu vyura kulivyo: ukimkaribia huyu ananyamaza, yule anaanza, unamhesabu mmoja mara tatu. Dawa yake naijua tangu nikiwa kijana: kila mmoja unayemthibitisha, unachomeka kijiti alipokaa. Nilichukua kitambaa changu chekundu cha kichwa, kile mlichoninunulia wakati wa kuniaga shuleni, nikakichana vipande vyembamba, nikafunga kipande kimoja juu ya kila kijiti ili nikione kwenye majani. Mpaka jioni vilikuwa vimesimama kumi na kimoja, kuzunguka lile jicho la maji. Nikaandika namba ya kila kimoja kwenye daftari. Nikarudi nyuma nikavitazama na nikaona kazi nzuri.

Wakati wa kula Mama Ngalula alisema, akiangalia bukari yake, "Mama mwalimu, bile bijiti yako, ubitoe leo."

"Kesho nitarudia hesabu. Hesabu moja haitoshi. Nikirudia nikakuta kila mmoja yuko kwake, hapo hakuna atakayebisha."

"Bantu ya huku beko na macho, mama."

"Kesho, Mama Ngalula. Na tafadhali, usiviguse. Ukivigusa hata kimoja, hesabu yote imeharibika."

Angenikataliaje? Mimi mgeni wake, mimi mwalimu, mimi niliyetoka mbali kwa ajili ya chura wake. "Sawa," akasema. "Sitabigusa."

Fungurume tena

Asubuhi simu ikalia. Ambakisye alikuwa amekwisha pakia shaba na kutangulia, nimfuate baada ya hesabu, lakini malaria ilimwangusha Fungurume, na turnboi wake, msaidizi wa lori, ndiye aliyepiga, akiwa na hofu katika sauti. Pikipiki ya kunipeleka kituoni ilikuwa mlangoni, inapiga honi. Niliangalia upande wa bondeni. Kushuka, kung'oa, kupanda: robo saa. Nikajiambia nitarudi kesho nihesabu tena, vijiti vikae. Nimeirudia robo saa hiyo usiku na mchana tangu siku ile, na kila nikiirudia inatosha.

Fungurume nilimkuta amelala kwenye jamvi nyuma ya duka la muuza mchele, anatetemeka, anamwomba radhi tajiri wa lori ambaye hakuwepo. Mama mwenye duka alikuwa amekwisha mpeleka zahanati na kumrudisha, akampikia uji wa mahindi wenye njugu zilizosagwa, bila kumjua wala kumdai. "Mutoto yako atapona," aliniambia, na safari hii Ambakisye hakucheka wala mimi sikumsahihisha. Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili alikula. Siku ya tatu aliniambia nimwondokee, namtazama sana.

Katika siku hizo tatu sikuwafikiria vyura hata mara moja. Hilo silijutii. Ndugu ni ndugu.

Kurudi Kapata

Nilijua kabla sijafika. Njia ya kushukia bondeni, iliyokuwa ya upana wa mtu mmoja mwenye karai, ilikuwa imepanuka na kulainika kwa miguu. Pikipiki zilikuwa zimeegeshwa juu. Mwanamke alikuwa anakaanga vitumbua pale ambapo juzi hapakuwa na mtu wa kumuuzia. Mama Ngalula alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake, mikono magotini, na alipaswa kuwa shambani saa ile.

"Ambakisye anapona?" aliuliza kwanza.

"Amepona."

"Aksanti kwa Mungu." Halafu akasema, "Siku ulienda, mutu wa makaa alipita, aliona bitambaa. Jioni balikuya kumi. Asubuhi, sikuhesabu tena." Akaongeza, "Uliniambia nisibiguse. Sikubigusa."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilishuka bondeni nikiirudia methali hiyo.

Walikuwa wamechimba kila kijiti. Si kuzunguka, si ovyo. Kwa nidhamu kabisa, mashimo kumi na moja, kila moja pale nilipochomeka, maana huko kijiti chenye kitambaa ni lugha: ni mtaalamu amepima, ameona, ameweka alama, na atakayewahi ndiye atakayepata. Hakuna asiyeisoma. Mama Ngalula alilaza nyanya zake kwenye matope miaka yote ile kwa sababu hiyo, na mimi nilimfundisha kuziinua. Miti ya mushitu ilikuwa imekatwa kushikilia kuta za mashimo. Shimo la sita lilikuwa limepasua jicho la chemchemi kutoka ubavuni, maji yakazama humo, na pampu ndogo ilikuwa inayatapika juu ya kile kilichokuwa kitalu cha mchicha.

Mwanamume mmoja mwenye matope hadi kifuani alinyanyuka kutoka shimoni. Wenzake walimwita PDG, ndivyo wachimbaji wanavyomwita mkuu wa shimo. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amefunga kipande cha kitambaa changu. Aliponiona uso ulimng'aa, akanichukulia mtaalamu wa miamba.

"Mama géologue! Njo we mwenyewe? Aksanti, mama. Lakini tulichimba bijiti yote kumi na moja, hatuone kitu. Bulongo mweusi na mayi tu. Tunashuka chini tena, ao tunakosea? We ulikuwa unapima nini hapa?"

Wote walikuwa wamesimamisha sululu kunisikiliza. Walikuwa wamechoka kweli, mmoja alikuwa na jeraha la mguu lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. Walikuwa wamenitumaini.

"Vyura," nikasema.

"Nini?"

"Bachula. Kila kijiti ni chura mmoja. Nilikuwa nawahesabu."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, kicheko cha watu waliokesha. PDG alicheka nao mpaka alipoona Mama Ngalula ameshuka nyuma yangu na amesimama kando ya mchicha wake. Akaacha. Alijifungua kile kitambaa mkononi, akakitazama, akanipa.

"Sasa mama, juu ya nini hukuandika?" aliuliza, wala hakuwa na kejeli. "Ungeandika hata mu karatasi moja, 'chula', tungepita."

Mwalimu kwa miaka thelathini na nane, na daftari mkononi, na sikuandika.

Waliondoka kabla ya jua kuzama, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kubakia. Hawakufukia, na sikuona haki ya kuwadai. Kesho yake mimi na Mama Ngalula tulipita shimo kwa shimo, tukifunua majani. Hatukusikia kitu, ingawa mawingu yalikuwepo. Kwenye jani moja lililovunjika tulikuta mayai, kifuko cha ute kama kijiko kimoja, kingo zimeanza kukauka. Tulilibeba jani hilo juu ya sahani yake ya kulia, tukalitundika kwenye gugu chini zaidi, penye uzi mdogo wa maji uliokuwa bado unatembea. Hatukuweka alama.

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia kwa Kiswahili changu na kwa chake. Alikuwa anachuma nyanya, mbichi kwa mbivu, maana bila maji zisingengoja. Alisema, "Mi pia ningeng'oa, mama. Nilitaka kung'oa. Lakini nilikuwa nimesema sitabigusa." Ndiyo radhi niliyopata, na naibeba hadi leo. Alinijazia mfuko wa nyanya kwa safari, zile zenye doa la matope upande mmoja.

Nyumbani

Njia ya kurudi sina la kusema juu yake. Ambakisye aliendesha kimya, na kwa Ambakisye hilo ni jambo la kuandikwa. Tulipofika Mpika aliniuliza, "Dada, ungewaambia nini wachimbaji wasichimbe?" nikamwambia sijui, akasema na yeye hajui.

Rafiki yangu wa chuo kikuu alipopata picha na hesabu alinipigia kwa furaha. Ndiye yeye! Kumi na mmoja! Tuombe ulinzi mara moja! Nilimwacha amalize furaha yake, halafu nikamweleza. Naye hakuniuliza kwa nini sikuandika, ila nilisikia akikunja karatasi.

Mbegu za zile nyanya nilizipanda nyuma ya jiko. Mama Eliza, uliniuliza mbona mwalimu mzima naacha nyanya zinalala chini kama za mvivu, nikakujibu vibaya. Unisamehe. Sasa umejua.

Majuma mawili yaliyopita mvua za mwaka huu zilianza kule, na Mama Ngalula akapiga simu mchana. Maji yamerudi kidogo katika shimo la sita, alisema, limekuwa kama kisima, na majani yameanza pembeni. Lakini kachula hakajalia, na yeye hajui apande au angoje.

"Ile sauti unayo?" aliuliza.

Ninayo. Niliirekodi mchana ule, kabla ya vijiti.

"Mi niko hapa ku shimo. Ninaweka simu chini. Upige, tuone kama kamoja katajibu."

Nikaweka kinasa sauti karibu na simu yangu, hapa jikoni. Ti-ti, piuuu. Ti-ti, piuuu. Nikazima, nikabana simu sikioni. Nilisikia majani, na pikipiki ikipita mbali, na Mama Ngalula akipumua. Tulingoja. Nilihesabu hadi sitini kwa sababu sijui kufanya kingine.

"Piga tena, mama mwalimu," alisema.

Nikapiga tena.